Kenchi za Mwembe

Hadi leo nikimkumbuka kaka yangu mkubwa alivyosimama mlangoni kwa mama, mikono kiunoni, anasema, "Mama, mahindi yako ndiyo yanatuletea dumuzi," damu inanichemka. Jamani! Mahindi yalikuwa na kosa gani?

Mama anakaa Usinge, peke yake tangu baba afariki. Paa lilipochoka, kaka akaamua kuliezeka upya. Njia ya zamani ya misafara ilikuwa inapanuliwa, miembe ya kandokando imekatwa, miti ya bure imelala. Akaibeba mibichi, na magome yake, akapigia kenchi za kubeba paa. Mama alimwambia, "Mwanangu, mwembe mtamu huo, wadudu watazaliana humo. Bandua gome kwanza, uloweke." Kaka akacheka. "Mama, mti ni mti." Miembe ilipopungua, akamalizia upande wa jikoni kwa mwarobaini uliokatwa nyuma ya choo, nao mbichi, nao na gome lake.

Mvua hazijaisha, unga ukaanza kudondoka. Kitandani, kwenye maji ya kunywa, kwenye ugali. Huku kwetu Tabora mtu akiona unga wa mdudu anawaza dumuzi tu, yule mla mahindi, maana ametutesa mno. Kaka hakuinua hata macho juu. Akapakia magunia yote ya mama kwenye gari, akayapeleka kwake mjini, eti yatiwe dawa. Chakula cha mwaka mzima cha mwanamke aliyelima kwa mkono wake! Ikawa mama akitaka unga anapiga simu kumwomba mkwe wake, mke wa kaka. Mara mkwe yuko sokoni, mara simu haipokelewi. Nilipotoka Gongoni ninakokaa kwenda kumsalimia, nikamkuta anachemsha viazi alivyopewa na jirani. Nilitaka kulia, hasira ikanizuia.

Na unga wa mbao unadondoka vile vile, mahindi hayapo!

Nikamwita kaka. Nikaegemeza ngazi, nikabandua gome la mwembe mbele ya macho yake. Chini yake vijia vimetapakaa kila upande, na funza weupe wamejaa: watoto, wajukuu, ukoo mzima. Nikahamisha ngazi jikoni, nikabandua mwarobaini. Vijia vichache, vifupi, mdudu kafia humo humo na hana mtoto hata mmoja. Mdudu yule yule, paa lile lile. Eti mti ni mti!

"Umeona, kaka?"

Akapangusa mikono. "Sawa, tutaangalia mwakani. Mahindi yaendelee kukaa kwangu, huku si salama."

Mwakani! Kenchi moja ilikuwa imeshaanza kupinda juu ya kitanda cha mama. Nikamwambia heshima yake iko palepale, ila mahindi yanarudi kwa mwenyewe. Akafoka kwamba nyumba hii kaiezeka yeye, hawezi kuamrishwa na mdogo wake.

Mama alikuwa hajawahi hata siku moja kumjibu mwanawe wa kwanza. Siku hiyo alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye khanga.

"Kweli, umeezeka wewe," akasema. "Basi leo lala humo wewe. Ufunguo huu hapa. Mimi na mdogo wako huyu tunakwenda kwako kuchukua mahindi."