Vitako Halisi kwa Bunduki za Mchezo

Saa mbili asubuhi, Zdravka Pencheva anabana kitako cha bunduki kwenye jiliwa na kuanza kukichimba kwa patasi. Kitako ni halisi, kimetoka jeshini. Bunduki iliyolazwa mezani ni ya mchezo, ya kurusha vipira vya plastiki.

"Haviendani," anasema. "Kwa nje ni mapacha, lakini hii ya mchezo ina betri na waya. Lazima mbao itolewe utumbo."

Mwenye bunduki, Lyudmil, karani wa benki kutoka Plovdiv, anamsimamia.

"Taratibu, mama. Hicho ni cha asili."

"Najua, mwanangu. Kazi yangu ilikuwa kuvitengeneza."

Zdravka, 61, alitumikia karakana ya mbao ya kiwanda cha silaha cha mji huu, chini ya milima ya Balkani. Humo ndimo alimopata mume, Gancho, aliyekuwa akipaka vitako vanishi. Mwaka 1997 wote wawili waliachishwa kazi. Mshahara wa mwisho haukutoka. Badala yake walipewa shehena ya vitako vilivyokataliwa na wakaguzi.

"Baridi ile tulivichoma jikoni," anasimulia. "Kuni tungenunua kwa pesa gani? Vanishi ilitoa moshi mkali, Gancho akawa anakohoa. Namwambia toka nje upate hewa, ananijibu, 'Nje nako kuna nini, Zdravka, zaidi ya theluji?'"

Gancho hakuuona mwaka uliofuata. Daktari alisema ni mapafu.

Leo wachezaji wa vita vya kuigiza wanavisaka vitako vile. Kimoja huuzwa leva mia tatu. Kwa kukichimba, Zdravka hupata arobaini.

"Huna vingine vya zamani, mama?" Lyudmil anauliza.

"Tuliviotea moto."

Kijana anacheka, akidhani ni utani. "Jumamosi tuna vita msituni. Njoo utazame."

"Nani hufa?"

"Hafi mtu. Ukipigwa unanyoosha mkono, unakwenda kunywa bia."

"Basi hivyo ni vita vizuri," anasema Zdravka, na kurudia patasi yake.

Kiwanda sasa kinaajiri tena, kwa kuwa dunia imerudi kununua bunduki. Wamempigia simu mara mbili, naye hajawajibu. Anataka kununua mashine ya kukereza, atengeneze viti.

Mtaa wake una nyumba nyingi zilizofungwa. Vijana wamehamia Ujerumani na Hispania. Viti hivyo atamuuzia nani?

Anafuta vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Cha kwanza nitakikalia mwenyewe," anasema. "Nimechoka kusimama."