Mikangazi ya Shimo la Changarawe

Nimekagua mashimo mengi kuliko harusi nilizohudhuria. Mimi ni mtu wa mazingira, ofisi yangu iko Morogoro Mjini, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kufika machimboni na buti, kishikwambi na fomu, kupima kina, kuuliza maswali yaleyale, kisha kuondoka. Zamani nilikuwa nagombana na watu. Siku hizi sigombani, na sijui hasa niliacha lini.

Shimo ninalolikumbuka zaidi liko chini ya Uluguru, upande ambao mji unasogea kila mwaka. Lilikuwa shamba la bibi mmoja. Mama yake alilima hapo, na mama wa mama yake pia, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Kaka wa bibi, aliyekuwa msemaji wa ukoo, alimwazima mkandarasi shamba hilo achimbe changarawe ya barabara. Waliandikiana kwenye karatasi moja ya daftari: achimbe, akimaliza afukie, arudishe shamba. Leseni ikatoka kwa jina la mkandarasi, nasi tukaanza kumkagua. Bibi hakuwa na maneno mengi. Kila nilipofika aliniuliza swali moja tu: "Lini narudishiwa shamba langu?"

Kwa ufukiaji simlaumu mkandarasi hata kidogo. Alisawazisha kingo, akachimba mifereji ya kupitisha maji, akarudisha udongo wa juu aliokuwa ameulundika pembeni. Ikabaki miti. Bila miti machimbo hayafungwi, na yasipofungwa harudishiwi mtu shamba. Vijana wake wakapanda miche ya mikangazi, mimi nikaahidi kuja kuikagua ikishashika.

Niliporudi nilikuta vishimo vitupu. Miche yote ilikuwa imeng'olewa na kupangwa kivulini, mizizi imefunikwa kwa majani mabichi ya mgomba. Nilishangaa, maana mharibifu gani anafunika mizizi?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usihangaike kutafuta mtu. Nimeng'oa mimi."

Akanieleza akiwa amesimama, jembe begani. "Kwetu ukiazimwa shamba unalima mahindi, unalima maharage, ukivuna unamletea mwenyewe chochote. Mti hupandi. Ukipanda mti, kesho utasema hapa ni pako, na watu watakusikiliza. Wewe hujui hayo?"

Nilijua, lakini kwa kusikia tu, kama mtu anavyojua habari za ndoa ya jirani.

"Ila fomu inataka miti, bibi."

"Basi nitapanda mimi."

Nikaona hilo ni jibu zuri kabisa, hata nikajisifu moyoni kana kwamba nimelitoa mimi. Akapanda siku hiyohiyo, mche mmoja mmoja, akiwa amepiga magoti kwenye udongo uliorudishwa. Mimi nilimshikia miche. Mkandarasi alikaa nyuma ya pikapu yake akicheka, akasema bibi huyu ana mambo, halafu akamletea maji ya kunywa. Tulikuwa watatu tu, vijana walikuwa wamepewa ruhusa waende zao.

Jioni nikajaza fomu. Kulikuwa na sehemu iliyoandikwa "aliyepanda", na kishikwambi kilijaza chenyewe jina la mwenye leseni, hakikukubali jina lingine. Chini yake kulikuwa na nafasi ya maelezo ya ziada. Ningeweza kuandika sentensi moja pale. Nilikuwa na njaa, chaji ilikuwa inaisha, na miche ilikuwa imeshapandwa, basi. Nikaiacha wazi, nikasaini.

Mikangazi ilipopita kimo cha mtu, mji ulikuwa umeshafika na watu walikuwa wakiulizia viwanja. Mkandarasi akaanza kusema kwamba yule kaka alimpa eneo moja kwa moja, si kwa kuazima. Kaka alikuwa ameshazikwa, na ile karatasi ya daftari haikuonekana. Baraza la kata likawaita wawili hao kuwasuluhisha. Nami nikaitwa.

Wazee wa baraza walikuwa watu wa palepale, wanaojua mila kuliko fomu. Hawakumuuliza mkandarasi habari za hati. Walimuuliza nani alipanda miti. Akatoa nakala ya fomu yangu, yenye mhuri.

"Saini hii ni yako?" mwenyekiti aliniuliza.

"Ni yangu."

"Ulikuwepo wakati wa kupanda?"

"Nilikuwepo."

"Sasa tuambie, alipanda nani?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na jibu linaniudhi kwa udogo wake. Kusema alipanda bibi ni kukiri kwamba nilisaini uongo, na aliyesaini uongo mmoja ataulizwa mashimo yake yote. Ningekuwa nimeogopa, ingekuwa nafuu, mtu mwoga anaeleweka. Sikusikia woga, wala huruma. Nilikuwa na ganzi tu, mwili mzima, na mdomo ukatoa maneno ya ofisini.

"Taarifa inajieleza," nikasema.

Bibi aliniangalia, akisubiri niendelee. Wazee wakanong'onezana kidogo, kisha mmoja akamwambia kwa upole, "Dada, mti una mwenyewe." Hakubisha. Ilikuwa mila yake mwenyewe. Baraza halikuwa na uwezo wa kuhukumu, na angeweza kwenda mbele, lakini aliifunga kanga yake vizuri, akatoka, na hakwenda popote. Mchana huo niliagiza wali na maharage karibu na stendi, nikamaliza sahani.

Msimu wa vuli uliopita nilipita njia ile nikielekea kukagua shimo jingine, juu zaidi. Nilimkuta bibi anapalilia maharage katikati ya mikangazi. Nikamwomba dereva asimame. Sijui nilitaka nini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Naona unalima."

"Kaniruhusu," akasema, akionyesha kwa kidevu upande wa nyumba mpya ya mkandarasi. "Si mtu mbaya. Nikivuna nitampelekea chochote." Akang'oa gugu moja, akalikung'uta udongo. "Ila kasema nisipande mti."

Akaniangalia, akasubiri.

"Sawa, bibi," nikasema.