Nilisema simjui, naye ametia sahihi kwamba ananijua

Admin, naomba ufiche jina langu, kwa sababu hapa Beni watu wanajuana. Nina miaka kumi na tisa. Nimemaliza darasa la sita la sekondari, na sasa najitayarisha kwa concours, yaani mtihani wa kuingia kitivo cha sheria, utakaofanyika Butembo Jumatatu ijayo. Naishi kwa shangazi yangu. Tulikimbia kijiji chetu, upande wa Mangina, baada ya baba kuuawa shambani. Hakuna mtu aliyekuja kuuliza hata swali moja juu ya kifo chake. Ndiyo maana nilitamani sheria. Nilitaka awepo mtu wa kuuliza.

Kwenye parcelle ya shangazi, yaani kiwanja chake, kuna mpangaji, karani wa mahakama, mzee wa miaka hamsini hivi, aliyetumwa huku kikazi kutoka Kasai. Tunamwita Papa Greffier. Hajui Kinande, lugha yetu, hata salamu, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala. Aliponiona nahangaika na maswali ya concours za zamani, alinipa kitabu chake cha sheria za familia, na tangu siku hiyo akawa ananifundisha barazani kila siku saa kumi na moja jioni. Hakutaka malipo. Alisema tu kwamba ana binti wa rika langu kule kwao. Asubuhi akinikuta nafagia ananitania kwa kuniita kama wakili: «Maître, bonjour! Leo umelala na article ngapi?» Nami namjibu: «Vifungu vitatu, Papa, na kimoja kilikoroma usiku wote.»

Lakini kwenye bomba la maji wanawake walianza maneno. «Muangalie, bibi ya Mukasai anakuya! Jana amekufundisha article gani, ile ya ndoa?» Walicheka, nami nikacheka nao ili yaishe. Moyoni nilikuwa nakufa kwa aibu.

Mwezi uliopita watu waliuawa tena pembeni ya mji. Kulipokucha, vijana walifunga barabara kwa mawe na magogo, wakawa wanamsimamisha kila mtu wasiyemfahamu, wakimshuku kuwa mwenzao wa wauaji. Siku kama hizo kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, haimsaidii mgeni. Kinachomwokoa ni mwenyeji mmoja kusimama na kusema, huyu ni wa kwetu. Nilikuwa natoka bombani nilipomwona Papa Greffier katikati yao, karatasi zake za kazi zimemwagwa chini. Walimuuliza kwa Kinande, akajibu kwa Kilingala, lugha ya askari, na siku ile watu walikuwa na hasira na askari kwa kuchelewa kufika.

Kijana mmoja niliyeimba naye kwaya kule kijijini aliniona. Akaniuliza kwa Kinande: «Dada, wewe tunakujua. Huyu mzee anasema anakaa mtaa huu. Unamjua?»

Papa Greffier alikuwa amepigishwa magoti, uso wake umeelekezwa ukutani. Hakuniona. Nyuma yangu walisimama wanawake wa bombani na bidoni zao za maji, na mmoja wao akakohoa. Nikajibu kwa Kinande, kwa sauti ndogo, kwamba simjui. Kisha nikapita. Sikuwa nimefika kwenye kona yetu niliposikia jiwe la kwanza.

Gari la askari lilipita, wakapiga risasi hewani, vijana wakakimbia. Hiyo ndiyo iliyomwokoa, si mimi. Alivunjika mkono wa kulia, na sikio moja halisikii vizuri tena. Siku aliyorudi kutoka hospitali alikaa barazani, akaniita: «Maître, leta kitabu. Concours haitungoji.» Tukasoma. Halafu akafunga kitabu, akasema: «Mawe hapana sana. Kitu kiliniumiza ni kufikiri: mu quartier hii yote, mtaa muzima, hata mutu moya mwenye ananijua asipite? Moya tu, ningepona.»

Nilisimama nikaenda kukoroga sufuria ya sombe ambayo haikuwa hata motoni.

Shangazi ndiye mtu pekee niliyemwambia. Alinishika mikono yote miwili. «Funga kinywa, mutoto wangu. Ungesema unamujua, bangekupiga na wewe, ningezika watu wawili. Fanya concours yako kwanza. Ukimuambia sasa, nani atakuandikia ile barua?»

Barua yenyewe ni hii. Kila mtahiniwa lazima alete karatasi ya mtu wa heshima anayemfahamu. Jumatano Papa Greffier aliiandika kwa mkono wa kushoto, herufi kama za mtoto wa darasa la kwanza. Alichana karatasi mbili kwa sababu ziliharibika. Ya tatu inasema: «Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba namjua vizuri msichana huyu, na kwamba ni mkweli.»

Alipomaliza akasema tufanye zoezi la mwisho. «Jury watakuuliza, mademoiselle, kwa nini unataka droit, kusoma sheria? Jibu.» Nilifungua kinywa, machozi yakanitangulia. Alidhani namlilia baba, akanipa kitambaa chake.

Kwa padri niliungama kwamba niliogopa. Sikusema nilifanya nini. Karatasi ile nimeiweka ndani ya daftari langu, na kila nikilifungua naikuta. Nikimwambia ukweli, labda ataichana, na mwaka mzima wa kusoma utapotea. Labda pia atahama, na nitakuwa nimemuumiza mara ya pili kwa ajili ya kutuliza roho yangu. Nikinyamaza, nitaingia kusoma haki kwa sahihi ya mtu niliyemkana. Bado nataka kuwa mwanasheria. Nafikiri sasa nataka kuliko zamani, lakini sijui kama nina ruhusa ya kutaka.

Ninyi mlio wakubwa kwangu, na ninyi mliowahi kusimama mbele ya kizuizi kama kile, niambieni: nimwambie kabla sijapanda gari la Butembo, au baada ya mtihani, au kamwe? Msinionee huruma, nishaurini tu. Lakini nishaurini upesi, kwa maana saa kumi na moja inakaribia, na Papa Greffier ameshatoa viti viwili barazani.