Saba ya Kopa Ndani ya Silinda

Květoslav Hrdlička ana makoti matatu ya ufundi, yote ya buluu, na kila moja lina jina lake kifuani kwa uzi mwekundu. Hakuna fundi mwingine mjini Vrbka mwenye makoti safi kama hayo, na sababu yake haihitaji uchunguzi. Kinachomlisha ni duka la vigae vya bafu. Pikipiki za zamani, asemavyo mwenyewe, ni wito wake, na wito huo ameutimiza kwa miaka mingi katika baa ya Stodola, akiwa amekaa.

Kwetu mtu anayejua kuizungumzia injini huheshimiwa kuliko anayeitengeneza, kwa kuwa anayeitengeneza huwa hayupo mezani. Ndivyo Květoslav alivyopata kuitwa Bwana Fundi, kwanza kwa mzaha, kisha kwa mazoea. Mzaha hakuwahi kuusikia.

Kisha baba mkwe wake, mzee Alois Vaňhara, akafariki na kuacha pikipiki aina ya Jawa ya mwaka hamsini na tatu yenye kigari cha pembeni. Ilikuwa imesimama ghalani, ringi za pistoni zimelika, haina pumzi. Siku moja ya Jumapili, bata na kabichi vikiwa mezani, mjane wake Ludmila alitangaza kwamba atakayempeleka kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Antoni siku ya hija, ndani ya kigari kile, kama Alois alivyofanya kila Juni, ndiye atakayeichukua pikipiki. Ikishindikana, itakwenda kwa Radim, mpwa wa marehemu, ambaye angalau hanywi mchana. Květoslav alifuta mdomo akasema hiyo ya "ikishindikana" haina kazi. Mkewe Jarmila, binti wa marehemu, alikuwa anaondoa sahani. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Ringi ya pistoni ni duara la chuma lililokatwa mahali pamoja. Pale pa kukatwa lazima pabaki pengo dogo, maana chuma kikishika moto hurefuka. Kisipopata nafasi, ncha zake hukutana na kusukumana, ringi hukwaruza silinda, na injini inanoki, yaani inakwama ghafla. Jambo hili kila mtu Vrbka analieleza kwa sentensi moja. Květoslav alikuwa akilieleza mpaka baa inafungwa.

Kupima pengo kuna fila, fungu la nyembe nyembamba za chuma ambalo hata mwenye pikipiki mbovu analo. Lakini wazee wa Vrbka walipima kwa karata. Walichukua saba ya kopa kutoka pakiti ya baa, wakaipitisha kwenye pengo. Ikipita kwa kusitasita kidogo, kazi imekwisha; ikikataa, ncha za ringi husuguliwa kwa tupa. Alois alifanya hivyo maisha yake yote na injini zake zilidumu. Siri yake si kubwa. Karata zile zilikuwa za karatasi ngumu, zimenyweshwa bia na kushikwa na mikono yenye jasho hadi zikavimba.

Květoslav alichukua saba yake kwenye pakiti aliyonunua kituo cha mafuta. Ilikuwa ya plastiki, nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliingiza ringi mpya kwenye silinda, karata ikapita, naye akairudisha tupa sandukuni kabla haijachafuka.

Radim alikuwepo. Kazi yake ni kukagua mita za gesi, hatembei bila kitu cha kupimia mfukoni, na hakuna aliyewahi kuchagua kukaa naye harusini.

"Shemeji, hiyo karata ni plastiki," alisema.

"Saba ni saba."

"Ya mjomba ilikuwa nene kama soli ya kiatu. Pitisha fila, shemeji, dakika moja tu."

"Wewe kawapimie watu gesi yao. Mapengo ni ya vibibi. Injini yangu nataka iwe na meno yote."

Fila hiyo aliipokea, lakini aliitumia kukwangulia gundi ya gasketi, akaurudisha wembe wake mwembamba kuliko zote ukiwa umepinda.

Pikipiki iliwaka kwa kiki ya kwanza. Injini baridi yenye ringi zilizobana hutoa sauti tamu, na mpumbavu huichukulia sauti hiyo kuwa cheti. Květoslav alizunguka uwanja wa mji ndani ya koti safi, akipunga mkono kwa watu ambao hawakuwa wamempungia.

Siku ya hija kulikuwa na joto. Ludmila alijifunga kitambaa kichwani, akaketi kigarini na kapu la vikate vya plamu mapajani. Barabara ya kanisani hupanda mfululizo kuanzia makaburini, haipumziki mahali. Injini iliyofungwa upya hupandishwa pale taratibu, kwa kubembelezwa. Květoslav aliwapita wenye baiskeli, akampita padri. Kwenye kona ya mizabibu watu wawili watatu walipiga makofi, naye akaongeza mafuta.

Kona iliyofuata sauti ilipanda, ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Gurudumu la nyuma lilikaza, pikipiki ikateleza na kusimama ikiwa imeziba njia. Hakuna aliyeumia. Vikate viliingia mtaroni.

Kabla hajainama kutazama, Květoslav alikuwa tayari anaeleza. Alianza na petroli ya siku hizi, akaingia kwenye serikali.

"Subiri ipoe, Mama. Sasa hivi tunaendelea."

"Nipe mkono nishuke."

"Ni petroli tu, Mama."

"Petroli nayo siku hizi inachezewa karata?"

Mji mzima ulikuwa umeshasikia. Radim hawezi kukaa na kipimo moyoni. Ludmila alipanda kilima kilichobaki kwa miguu, polepole, na wote aliowapita Květoslav wakampita Květoslav.

Jioni silinda ilifunguliwa uani, kwa amri ya mjane, mbele ya yeyote aliyetaka kuona. Ncha za ringi ziling'aa pale zilipogongana, ringi moja ilikuwa imekatika, na ukutani mwa silinda kulikuwa na mchirizo ambao kidole kiliusikia. Květoslav alisema chuma cha kigeni hakiaminiki.

Pikipiki ilisukumwa hadi kwa Radim. Ataichongesha silinda, atapima kila kitu mara mbili, ataiendesha kwa mwendo wa trekta, na kumsikiliza akiisimulia safari hiyo itakuwa adhabu. Lakini itafika. Huko Stodola, Květoslav anasema aliiachia kwa hiari, kwa ajili ya amani ya ukoo, na bado kuna wanaomnunulia bia.

Jumamosi Jarmila huenda kwa Radim kumshikia taa anapofunga injini ya baba yake. Hurudi na oili kwenye kucha, na mumewe humwomba anawie nje.