Nilishusha Bei ya Kompyuta ya Binti Yangu Mpaka Zikabaki Taa

Kosa ni langu. Nasema mapema kabla hamjaanza kumtafuta mwizi, kwa sababu hata mimi nilijifanya kumtafuta, na nilijua vizuri sana anakolala.

Mimi ni broka, dalali wa ng'ombe. Siku ya soko nitafute Karatina, siku nyingine nitafute Chaka au Mukurwe-ini, nikimzunguka ng'ombe wa mtu na kumtolea kasoro. Kwa zaidi ya miaka ishirini sijanunua kitu kwa bei niliyotajiwa. Hata ule mnada wa mavuno kanisani, ambapo watu hupandisha bei ya kuku kwa ajili ya Mungu, mimi niliwahi kusimama nikasema huyo kuku amekonda. Siku hiyo mke wangu alirudi nyumbani peke yake.

Nina binti, nimwite Wangui, ingawa si jina lake. Anapima mchele katika kinu kimoja huko Mwea, na akitoka kazini anacheza gemu za kompyuta. Nilidhani ni utoto, mpaka nikaambiwa kuna watu wanalipwa kwa kucheza! Alikuwa akicheza kwa mashine ya kukodi pale cyber, na hata hivyo aliwashinda wanaume wa Thika na Nairobi. Basi yakatangazwa mashindano ya mtandaoni, na washindi wangechukuliwa katika timu yenye mshahara. Akaomba likizo yake yote ya mwaka aje achezee nyumbani, kwa kompyuta yake mwenyewe, maana hilo lilikuwa sharti la mashindano.

Pesa alikuwa ameziweka miaka miwili. Hazikuwa nyingi kwa kitu cha aina hiyo, ndiyo maana aliichagua mashine kwa uangalifu kuliko mimi ninavyochagua mtamba. Akapata duka mjini Nyeri lenye kompyuta iliyokwisha kuunganishwa, ya kuwasha na kucheza tu. Kwa kuwa mimi niko mjini kila wiki, akanitumia pesa kwa simu, pamoja na ujumbe huu, ambao bado ninao:

"Baba, chukua ile nyeusi, haina taa. Usione ni mbaya, pesa yote imeenda kwa kadi ya graphics, ile inachora gemu. Bei tumeshaongea na mwenye duka. Wewe lipa tu na ubebe. Na Baba, please, usibargain."

Usibargain! Ni kama kumwambia fisi alinde mfupa asiulambe.

Mwenye duka ni mama mmoja wa pale mjini, nimwite Bi Zuhura, mtu wa heshima na mtandio wake. Alinikaribisha kiti, akanionyesha ile nyeusi. Kwa kweli ilikuwa imekaa kama ndama mwenye minyoo. Kando yake ilikuwepo nyingine yenye kioo ubavuni, na ndani taa nyekundu, za kijani na za buluu zinazunguka zenyewe. Nikasema moyoni, huyu mtoto hajui kuchagua.

Nikaizunguka ile ya taa. Nikaipiga kofi ubavuni. Nikaiinua kidogo nisikie uzito, nikauliza ilikuja lini na kwa nini haijapata mtu mpaka leo. Bi Zuhura akaniambia kwa upole kwamba ndani zinalingana, ila hiyo ni ghali zaidi kwa sababu ya kioo na taa, na binti yangu alikataa kulipia taa. Nikamwambia naitaka hiyo hiyo, tena kwa bei ya chini kuliko ile nyeusi.

"Mzee wangu," akasema, "nikishusha bei, lazima nitoe kitu ndani."

Hapo ndipo ujuzi wangu uliponiponza. Sokoni kila muuzaji ana maneno yake ya kukutisha, na kazi ya broka ni kutotishika. Ng'ombe hashushwi bei kwa kutolewa figo! Nikajua ni ujanja, nikamwambia atoe.

Akachukua bisibisi, akafungua, akatoa kijipande chembamba kama rula ya mtoto. Bei ikashuka. Nikaona kumbe mama huyu analegea. Nikamwambia bado. Akatoa kisanduku cha kuhifadhia vitu, akaweka kingine kidogo cha zamani. Bei ikashuka tena. Jamani, nilisikia utamu ambao sijawahi kuusikia hata kwa ng'ombe wa maziwa! Nikasema bado.

Sasa akashika kitu kikubwa chenye feni mbili, lakini hakukitoa. Akanitazama.

"Hii ndiyo gemu yenyewe, mzee wangu. Bila hii, ni kompyuta ya kuandikia barua. Binti yako anajua?"

"Mimi ndiye baba yake," nikamjibu. "Toa. Lakini taa usiguse."

Akatoa. Akaniandikia risiti yenye kila alichokitoa, akanisomea, nikaitikia kama mtu anayesomewa matangazo ya kanisa. Nikaikunja na nikaitupa kabla sijafika stendi.

Pesa iliyobaki nikaitia mfukoni. Kwetu mabroka, bei iliyoshuka kwa mdomo wako ni jasho lako, mkono mtupu haulambwi. Sikujiuliza hata kidogo mkono huu unalamba mfuko wa nani! Nikanunua kofia pana ya ngozi. Nikawaita wenzangu wawili tukala mbuzi choma pale Karatina, nikiwasimulia nilivyomkamua yule mama mpaka tone la mwisho.

Nyumbani niliwasha zile taa majirani wakaja kuona. Mke wangu aliuliza kama ndiyo ile ya kwenye ujumbe, maana ujumbe ulisema nyeusi. Nikamwambia nimeongezewa taa bure.

Ijumaa Wangui akafika likizo. Kuona taa akasimama mlangoni, hakucheka. Akawasha. Akafungua gemu yake. Wachezaji wakatokea, wakasimama. Baada ya muda, mchezaji mmoja akainua mguu. Tukamngoja aushushe. Nilitaka kusema labda amechoka, lakini nilipouona uso wa binti yangu nikarekebisha kofia yangu.

Akachukua bisibisi, akafungua ubavu wa kioo. Ndani kulikuwa na nafasi kubwa na taa zake.

Akaniuliza kama nililipa bei yote waliyokubaliana. Hapa, ndugu zangu, ndipo ningeokoka. Mlango ulikuwa wazi kabisa! Nikasema nililipa yote.

Akauliza risiti. Nikasema sikupewa. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba siku hizi watu wa maduka ya mjini ni wezi wakubwa, wakiona mzee wa mashambani wanamnyoa bila maji. Mnajua alifanya nini? Alinionea huruma. Alinishika bega akaniambia, "Pole, Baba. Si makosa yako. Kesho tutaenda wote."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikasema tumbo linaniuma. Akanitengenezea chai ya tangawizi. Nikasema kuna mtu ananingoja na ng'ombe. Akasema atanisindikiza kwa huyo mtu kisha twende. Njia ya mwongo ni fupi, na siku ile bodaboda ilikimbia kama inakimbiza mgonjwa.

Dukani kulikuwa na wateja watano hivi. Wangui hakuketi. Aliweka ile mashine juu ya meza, akaanza kusema, na sijawahi kumsikia akimsemesha mtu mzima vile.

"Mliona ni mzee, hajui hizi vitu, mkamwibia. Babangu amefanya kazi maisha yake yote na hajaibia mtu. Aki nyinyi hamna haya."

Babangu hajaibia mtu! Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kofia ya pesa zake kichwani.

Bi Zuhura aliniangalia mimi, bila hasira.

"Mzee wangu," akasema, "utasema wewe, ama niseme mimi?"

Nilifungua kinywa. Mdomo huu ambao umeuza ng'ombe kipofu kwa askari haukutoa hata neno. Nikavua kofia, nikaishika kifuani kama niko mazishini. Bi Zuhura akatoa nakala ya risiti, akamwekea Wangui mbele yake. Wangui akaisoma polepole mpaka chini. Mteja mmoja akajifanya anachagua waya.

Kisha binti yangu akanigeukia.

"Baba, hata mimi?"

Basi. Alimwomba msamaha Bi Zuhura, tena mara mbili, akatoka.

Niliuza mtamba niliyekuwa nikimtunza nyumbani ili nirudishe kila kilichotolewa. Lakini ile kadi ya feni mbili ilikuwa imeshakwenda na mteja wa Nanyuki, na nyingine ikabidi iagizwe Nairobi. Ilipofika, mashindano yalikuwa yamepita. Wangui alimaliza likizo yake akichuma majani chai na mamake. Ningefurahi kama angenitukana! Alikuwa ananipakulia chakula kwa heshima zote, kisha anakwenda kula jikoni. Siku ya kurudi Mwea aliibeba mashine yake, na mpaka leo sijaiona ikicheza.

Sokoni nako habari zilinitangulia. Siku nilipomleta yule mtamba, broka mwenzangu alimzunguka, akaniuliza mkia ukitolewa atapunguziwa ngapi. Mwingine akasema yeye hana haja na kiwele, mradi taa zibaki. Nilimwuza kwa bei ya kwanza niliyotajiwa, ili niondoke pale.

Hayo yote ningeyavumilia. Kinachoniuma ni cha juzi. Wangui alipiga simu akauliza ni nani anayekwenda mjini. Nikasema ni mimi, moyo ukinidunda kama wa kijana. Alitaka kiti cha kukalia akicheza. Akaomba nimpe mamake simu, akamtumia pesa yeye. Mke wangu! Mwanamke ambaye muuzaji akimtajia bei humwambia asante.

Mimi nilipewa kazi ya kubeba. Nikaambiwa ningoje nje.

Nyinyi wenzangu mnaosoma haya, hasa nyinyi mnaojiita wajanja wa bei, nisikilizeni. Mtoto akikupa pesa yake na maagizo, fuata maagizo. Hujui kitu, sema hujui, mwenye duka atakueleza. Taa si nguvu. Na cha mtu wako hakina kamisheni! Ukikosea, kiri siku ile ile nyumbani kwako, usingoje mpaka akutetee mbele ya watu. Siku hiyo ya kiti nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa duka la viti nikisikia muuzaji akimtajia mke wangu bei. Ilikuwa karibu mara mbili ya bei yake, hata mtoto angejua. Mke wangu akasema asante, akaanza kuhesabu. Nikainama, nikakibeba kiti.