Firigisi ya Mkaguzi wa Nyama

Siku hiyo tulikuwa watano nyumbani: mimi, ndugu yangu anayenifuata, ambaye ni mwendesha boda, mdogo wetu wa mwisho, ambaye ni msichana wa kidato cha tatu, senge wetu, yaani dada ya marehemu baba, aliyekuwa amefika jana yake kututembelea, na mkaguzi wa nyama, ambaye hakuna aliyemwalika. Ukitaka kumhesabu jogoo tulikuwa sita, ingawa jogoo hakudumu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nichelewe kidogo, kwa sababu senge hawezi kuja kwetu akaondoka bila kula ingokho, yaani kuku. Kazi yangu ni kuosha matumbo katika kichinjio kilicho nje kidogo ya Khayega. Niliianza nikiwa nimeacha shule darasa la saba, mwaka ambao mama alimfuata baba, na sijaiacha. Mama alikufa kwa ugonjwa wa tumbo ambao hakuna aliyewahi kutuambia jina lake. Watu hunishangaa kwamba baada ya hapo nilikwenda kushinda ndani ya matumbo kila siku. Mimi niliona ni kazi iliyokuwa na nafasi, basi.

Kazi hiyo ilinifundisha. Naweza kukuambia, macho yakiwa yamefungwa, kila kitu kilichomo ndani ya ng'ombe kimekaa wapi. Tumbo kubwa, lile ambalo wateja huliita taulo, limejaza upande wote wa kushoto kuanzia mbavu hadi nyonga. Mbele yake kuna dogo lenye mashimo kama sega la nyuki, na humo nimetoa misumari, nyaya, na mara moja kijiko kizima cha chai. Kisha kuna kitabu, chenye kurasa kweli, na kila ukurasa lazima uoshwe peke yake. La nne ni laini na lina utelezi. Utumbo umejikunja upande wa kulia kama kamba iliyopangwa na mtu mwenye subira. Juu ya vyote kuna utando wa mafuta, mwepesi kama kitambaa cha kufunika meza, ambao sisi huuondoa na kuuza kwa watu wa kukaanga.

Kwa hiyo nilipompasua yule jogoo sikuwa naangalia hata mikono yangu. Nilikuwa namtafuta mdogo wangu kwa macho.

Lazima nieleze habari ya firigisi. Kwetu firigisi, imondo, ni ya mwanamume mwenye nyumba. Baba alipokuwa hai hakuna aliyeuliza. Alipofariki, senge aliamua kwamba itakuwa ya ndugu yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na hakufika hata kwenye kitasa cha mlango cha juu. Alipowekewa mara ya kwanza aliitazama, akaomba kisu, akaikata vipande vitatu. Senge alikasirika sana. Tangu siku hiyo imondo ya nyumba yetu ni ya watu watatu, na kipande changu nimezoea kukirusha kwenye sahani ya mdogo. Ndiyo maana kila jogoo akichinjwa, yeye husimama ubavuni mwangu mpaka aone nimeipasua firigisi, nimemwaga changarawe na kuivua ile ngozi ya manjano ya ndani. Hataki kudhulumiwa.

Asubuhi hiyo hakuja. Nilimwita. Akajibu kutoka ndani kwamba hataki kuku.

"Hataki nini?" senge akauliza.

"Kuku."

"Mtoto wa kwetu amekataa ingokho? Basi huyo ni mgonjwa. Hakuna haja ya kupima."

Tulimkuta amelala kwa ubavu, magoti yamevutwa hadi kifuani. Tumbo lilikuwa limemuuma tangu jana, akasema, kwanza kwenye kitovu, na alikuwa amenyamaza kwa sababu ya mgeni. Alikuwa ametapika mara mbili nyuma ya nyumba. Uso wake ulikuwa na jasho, na asubuhi ile haikuwa ya jua.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na lilikuwa kosa la mtu wa kazi yangu. Ng'ombe akivimba, unakwenda kushoto. Unagonga pale penye shimo nyuma ya mbavu, unasikiliza, unajua. Nikamlaza mdogo wangu chali, nikambonyeza kushoto. Palikuwa laini. Nikagonga kwa vidole. Hapakulia kama ngoma. Nikasema mbele ya wote, kwa sauti ya mtu anayejua, "Hapa hakuna kitu. Ni gesi na minyoo."

"Nilijua," senge akasema. Alikuwa amekwisha kuinjika sufuria ya dawa yake ya kuharisha, majani na mizizi, chungu hata kuinusa. "Hao nyoka wa tumbo wameamka. Watoke tu, atapona kabla kuku hajaiva."

Ndugu yangu alikuwa mlangoni na helmeti mkononi. "Dada, nimpeleke hospitali?"

"Kwa boda, kwa njia hii?" senge akamjibu. "Unataka kumkoroga?"

Nilichukua kikombe. Nilikipuliza kipoe. Nilimwinua mdogo wangu kichwa kwa mkono mmoja, na kikombe kilikuwa kimekaribia mdomo wake niliposikia honi.

Ilikuwa pikapu ya kubebea nyama, yenye sanduku la bati lililoandikwa NYAMA TU, na mkaguzi alishuka akiwa bado na koti lake jeupe na mabuti ya mpira. Nilikuwa nimeondoka jana yake na ufunguo wa chumba cha matumbo mfukoni.

"Madam wa Matumbo!" alianza kufoka akiwa bado uani. "Ng'ombe wanne wamechinjwa, matumbo yako chini kwa simiti, nzi wanafanya harusi, na wewe uko hapa unapika..." Akafika mlangoni, akaona. Sauti ikashuka. "Huyu ana nini?"

"Minyoo," senge akasema. "Dada yake amembonyeza kushoto, hakuna kitu."

"Inaumia wapi, msichana?"

Mdogo wangu alinyoosha kidole. Alionyesha tu, chini, upande wa kulia, karibu na mfupa wa nyonga. Upande ambao mimi sikuugusa.

"Weka hicho kikombe chini," mkaguzi akaniambia.

Sikukiweka. Nilikuwa nimekishika tu. Mkaguzi akaosha mikono kwenye ndoo yangu, akapiga magoti, akamwomba radhi mdogo wangu, akambonyeza pale polepole sana. Mdogo wangu aliuma meno. Kisha mkaguzi akaachia ghafla, na wakati wa kuachia ndipo mdogo wangu alipopiga kelele ambayo mpaka leo naisikia nikishika utumbo mbichi.

"Hiyo si minyoo. Ni apendiksi. Ukimharisha inaweza kupasuka ndani."

"Na wewe ni daktari tangu lini?" senge akamuuliza. "Wewe si ni wa kupiga muhuri nyama?"

"Ni kweli, mama, mimi ni wa ng'ombe. Ndiyo maana najua pale ng'ombe anapoishia. Huyu dada amemtafuta kama ng'ombe. Ng'ombe hakuwangi na hiyo kitu." Kisha, kwa sababu senge alikuwa bado amejishika kiuno, alivuta shati kutoka kwenye suruali akaonyesha kovu, refu, limekaa mshazari upande wa kulia wa tumbo lake. "Yangu ilikatwa nikiwa chuo. Mwenzangu wa chumba alinipa dawa kama hiyo yako. Nililala hospitali miezi miwili."

"Baba, funika tumbo lako!" senge akapaza sauti na kugeukia ukutani. "Kuna watoto hapa!"

Lakini baada ya hapo wote walinitazama mimi. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mzaliwa wa kwanza aliyebaki bila wazazi. Watu hubishana, halafu hugeuka wakutazame. Senge alikuwa na umri, mkaguzi alikuwa na kovu, na uamuzi ulikuwa kwangu. Niliwaza juu ya mama. Mama pia tulimnywesha vitu, kikombe baada ya kikombe, na mikono iliyoshika vikombe hivyo ilikuwa yangu. Nikakiweka kikombe sakafuni, mbali, nyuma ya mguu wa kitanda.

"Twende," nikasema.

Tulimbeba na blanketi. Alipoiona pikapu alijaribu kujitoa mikononi mwetu. "Dada, mimi siendi na gari la nyama. Wanafunzi wenzangu wataniona."

"Hutakaa kwenye sanduku," mkaguzi akamwambia. "Utakaa mbele. Kwenye sanduku nawekanga waliopita ukaguzi."

Alicheka, akaumia kwa kucheka, akalia, akamwambia mkaguzi asimchekeshe tena. Ndugu yangu alitangulia na boda akionyesha mashimo kwa mkono, na pikapu ikamfuata polepole kama gari la maiti, neno ambalo nililifikiria na sikulisema.

Katika hospitali ya misheni walimchukua upesi. Daktari kijana alimbonyeza pale pale, akaachia vile vile, akapata kelele ile ile. Kisha akanigeukia. "Amekula au kunywa chochote leo? Dawa yoyote ya kienyeji?"

"Hapana," nikasema. Sijawahi kufurahia neno hapana kama siku hiyo.

Walimwingiza chumba cha upasuaji. Mimi na ndugu yangu tulikaa kwenye benchi. Mkaguzi alirudi kwa ng'ombe wake na ufunguo wangu. Ndugu yangu aliizungusha helmeti magotini mpaka nikamnyang'anya. Sikuomba sala yoyote ya maana. Nilikuwa nahesabu tu sehemu za ng'ombe kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, mbele kwenda nyuma, na kila nikifika mwisho nilikuwa naanza upya.

Daktari alitoka akiwa amevua barakoa, na kabla hajasema nilijua kwa mabega yake. Alisema kile kitu kimetoka kizima. Kilikuwa karibu kupasuka, lakini hakikupasuka. Ndugu yangu aliinama akafunika uso na helmeti. Mimi nilihisi njaa. Njaa kali, ya ghafla, kama mtu aliyetoka kulima.

Nikaomba kuona kilichotolewa. Daktari alinitazama akifikiri nitazimia. Nikamwambia kazi yangu. Akaniletea kwenye bakuli la chuma. Kilikuwa kama kidole changu kidogo, chekundu, kimevimba, ncha yake imegeuka rangi ya zambarau iliyoiva sana. Akasema kwa Kiswahili kinaitwa kidole tumbo, na kwamba kinaning'inia pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mnene.

"Ng'ombe pale ana mfuko," nikasema. "Umefungika mwisho. Lakini hauna kidole."

"Hauna."

"Na kuku ana mifuko miwili."

Akacheka. "Sungura ndiye anacho, kama sisi." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Ule utando wa mafuta, ninaoubandua kila siku na kuutupa kwenye beseni la kuuzia, alipofungua tumbo la mdogo wangu aliukuta umekwisha kufika pale penye ubaya. Ulikuwa umejikunja na kukizingira kile kidole ili uchafu usisambae. Hakuna aliyeutuma. Nilikaa na habari hiyo kwa muda mrefu kuliko habari nyingine zote za siku ile.

Jioni mdogo wangu alifumbua macho, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba anatuhesabu. Midomo ilikuwa mikavu. "Imondo yangu mmeniwekea?"

Tulirudi naye nyumbani baada ya siku chache. Senge hakuwa ameondoka. Alikuwa amefagia, ameosha, amemtunza yule kuku siku ya kwanza mpaka alipoona haturudi, ndipo akamla. Firigisi hakuigusa, aliikausha juu ya moshi na kuifunga kwa jani la mgomba, nzima. Dawa yake aliimwaga shinani mwa mgomba. "Hata ule mgomba umehara," aliniambia, akitazama pembeni, na tulicheka hadi akapangusa macho kwa leso. Hivyo ndivyo alivyoomba radhi, na mimi yangu nilimpa kwa kumwomba akae wiki nyingine.

Ile firigisi iliyokauka hatukuikata vipande vitatu. Ndugu yangu alisema si yake. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kuachia firigisi maishani mwake, alisema ni ya mwenye kovu. Nikampelekea mkaguzi kazini, imefungwa vizuri. Aliifungua, akainusa, akanirudishia.

"Madam wa Matumbo, imondo hailiwi wima kichinjioni. Na hii ni kavu kama mkanda. Nitakuja kwenu, nitaketi kitini, nitapewa mpya iliyopikwa siku hiyo, na obusuma, ugali wa moto. Nyinyi watatu mtakuwa mnanitazama."

Tukaitafuna sisi wenyewe, tukamchagulia jogoo mwingine, mweusi mwenye shingo nyekundu, na mdogo wangu akamfunga uzi mguuni ili asichinjiwe mgeni mwingine. Jumamosi ya kwanza mkaguzi alikuwa na harusi. Ya pili ng'ombe walikuwa wengi. Kisha akahamishiwa kichinjio cha upande wa Mumias, na sasa hututumia salamu kwa madereva wa pikapu za nyama: jogoo wake asiguswe, anakuja.

Mdogo wangu yuko kidato cha nne na kovu lake ni fupi kuliko la mkaguzi. Jogoo bado yuko uani na uzi wake mguuni. Amezeeka, nyama yake itataka kuni nyingi, na kila mtu aliyemwomba tumemwambia kwamba huyo ana mwenyewe.