Mwanasesere wa Kumfundisha Ifrah

Ndugu msomaji, ukimaliza kunicheka, nihurumie kidogo. Tangu nihitimu shule ya usiku hapa Garissa, nilijitangaza bingwa wa kuchonga wanasesere kwenye kompyuta, asiye na mpinzani hadi Rhamu kule mpakani. Mashine hunitolea viungo vya plastiki, nami naviunga kwa vifundo vya duara, mwanasesere akakunja kiwiko vizuri kuliko askari wa gwaride.

Jirani yangu, Mama Ifrah, akanijia. Bintiye alikuwa akila kwa mkono wa kushoto, na mama mkwe wake akimlaumu yeye mama kila mlo.

"Walaal, ndugu yangu, nitengenezee mwanasesere anayekula kwa kulia. Ifrah atamwiga, nami nipumue."

Nilichonga mkono wa kushoto hadi kucha zikang'aa. Kwa kujipenda, nikaunakili upande wa pili, nikasahau kuugeuza. Kifundo kikaingia sawasawa, nami nikabaki nikiusifu uso.

Mchana wa Idi, mbele ya ukoo mzima, nikamketisha kando ya sinia la wali, nikamshusha mkono wa kulia, wote wakamsifu. Ifrah akauchunguza, akauwekea wake wa kushoto ubavuni. Vidole gumba vikaelekea upande mmoja.

"Ayeeyo, ona! Huyu ana mikono ya kushoto yote miwili, na nyinyi mnamsifu!"

Kicheko kikapasua nyumba. Bibi yake, yule mama mkwe, peke yake hakucheka. Akaushika ule mkono, akamgeukia mkaza mwanawe, wala si mimi.

"Hii ndio adabu umeletea mtoto?"

Mama Ifrah akainama. Nami, bingwa mzima, nikajifanya nakaza kifundo cha mkono ule mwingine, nikamwacha alaumiwe peke yake.